Vidole Vyako Ndivyo Breki Zako: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Pikipiki Kwenye Baridi ya Molo, Timboroa na Kericho

Asubuhi moja ya Julai nilitoka Molo saa kumi na moja na nusu nikiwa nimembeba mzee aliyekuwa anawahi matatu ya Kisumu kule barabara kuu. Nilivaa jaketi zito, boshori chini ya helmeti, gambuti. Glavu nilikuwa nimezisahau nyumbani, nikasema safari ni fupi. Tulipokaribia njia panda, lori lilikuwa limesimama ukingoni bila taa. Nililiona mapema. Nikataka kufunga breki ya mkono, vidole vikakataa kujikunja. Nikakanyaga ya mguu kwa nguvu, pikipiki ikayumba, tukapita kando ya lori juu ya changarawe na kusimama wima kwa rehema za Mungu tu. Mzee alishuka akaniuliza, "Kijana, hukuliona?" Nililiona, mzee wangu. Mkono ndio haukuwa wangu tena.

Tangu siku hiyo naihesabu baridi kuwa ni jambo la breki, na kila ninachoeleza hapa kinarudi kwenye swali moja: kidole chako kikitakiwa kuvuta breki sasa hivi, kitavuta?

Elewa kwanza baridi ya huku

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Nakuru mjini ni kama mita 1,850, Molo inakaribia 2,500, na Timboroa inapita 2,700. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Kwa hiyo kijana anayetoka Kondele pale Kisumu na fulana yake ya mikono mifupi akielekea Timboroa anapoteza karibu nyuzi 10 kwa sababu ya mwinuko peke yake, hata kama jua linawaka. Anayetoka Ahero kwenda Kericho hali yake ni kama hiyo: huku chini anatokwa na jasho, na akifika kwenye mashamba ya majani chai jasho lile lile linageuka maji baridi mgongoni.

Halafu ongeza upepo unaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo. Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unaenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 5. Ukiwa umelowa, hali ni mbaya zaidi.

Mwili nao una akili yake. Ukihisi kifua kinapoa, unapunguza damu ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vibaki na joto. Hapa ndipo wengi wetu hukosea: tunanunua glavu nene na kuacha kifua wazi, kisha tunashangaa vidole kufa ganzi ndani ya glavu. Vidole hupashwa joto na damu inayotoka kifuani. Ziba kifua na shingo kwanza, kisha uje kwenye mikono.

Jambo jingine ni majira. Watu huogopa Juni hadi Agosti, na ni kweli miezi hiyo mawingu hukaa siku nzima. Lakini Januari na Februari, anga likiwa safi usiku bila wingu hata moja, Mau Narok na mabonde ya chai hupata sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku. Nyasi hugeuka nyeupe alfajiri. Mchana ule ule utakuwa unatafuta kivuli. Usipange mavazi yako kwa kukumbuka jana saa nane.

Jioni kabla ya safari

Angalia waya wa klachi na wa breki. Waya mkavu, ulioshika kutu, unaudai mkono nguvu mara mbili, na mkono wenye baridi hauna nguvu hiyo. Tia oili kidogo juu ya waya, ivute na kuiachia mpaka ishuke ndani. Klachi iwe na nafasi ya sentimita moja hadi mbili pale ncha ya mkono wake kabla haijaanza kushika. Kama mikono yako ni midogo, mwambie fundi akurekebishie klachi na breki zikae karibu na vidole.

Upepo wa tairi upime asubuhi kabla ya kuondoka, au uache pikipiki ipoe kabisa. Ukijaza saa nane mchana baada ya kuzunguka mjini, kipimo kitakudanganya, na kesho alfajiri utakuta tairi imepungua. Kiasi kinachofaa kimeandikwa kwenye pikipiki yenyewe au kwenye kitabu chake. Kuna wanaopunguza upepo makusudi wakidhani tairi itashika zaidi kwenye matope. Kwenye murram kidogo sana pengine, lakini kwenye lami iliyolowa, huku umebeba gunia la viazi, tairi laini huyumba kwenye kona.

Washa taa zote ukiwa umesimama: ya mbele, ya nyuma, ya breki, indiketa. Futa vioo vyake kwa kitambaa chenye maji. Matope ya jana hula nusu ya mwanga, na ukungu utakula nusu iliyobaki. Cheni itie oili jioni, si asubuhi, ipate muda wa kukaa.

Kuvaa

Sehemu hii nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo kazi nyingi.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Fulana ya pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ukisimama dakika kumi stejini inakugeukia kama kitambaa kilichotoka kisimani. Jezi ya kuchezea mpira, ile nyepesi inayokauka upesi, inafaa zaidi. Juu yake vaa sweta la sufu au lile jaketi laini lenye manyoya ya ndani. Mitumba yake imejaa Top Market hapa Nakuru, na Kibuye kule Kisumu, ingawa wa Kisumu hulipita bila kulitazama kwa sababu kwao joto halitoki. Lako linunue kabla ya Juni.

Safu ya tatu ndiyo ngao: kitu kisichopitisha upepo. Ngozi, nailoni nzito, au koti la mvua. Ukivaa sweta tatu bila ngao, upepo unapita zote. Ukivaa sweta moja na ngao nzuri, unafika ukiwa mzima. Kama huna pesa ya jaketi zuri mwezi huu, chukua gazeti, kunja kurasa nne au tano, weka kifuani kati ya sweta na jaketi, mpaka tumboni. Ni ujanja wa zamani, nao unafanya kazi kwa sababu karatasi huzuia upepo na kushika hewa vuguvugu. Badilisha likilowa.

Wengi huvaa jaketi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, ili upepo usipenye. Nimelivaa hivyo miaka mingi. Kwa safari ya mjini sioni kosa. Kwa barabara kuu nimeacha: kola hukaba koo, kugeuza shingo kuangalia nyuma kunakuwa kazi, na ukianguka hakuna anayeweza kukuvua upesi. Gazeti linatimiza kazi ile ile bila taabu hiyo.

Jaketi la kuakisi mwanga livaliwe juu ya yote. Sheria inakudai wewe na abiria wako helmeti na jaketi hilo, lakini hata bila sheria, fikiria dereva wa trela anayetoka kwenye ukungu wa Mau Summit akitafuta alama yoyote mbele yake. Ukilifunika kwa koti jeusi la mvua, umelivaa bure.

Shingoni weka kile kitambaa cha mviringo, au skafu ambayo ncha zake zote zimezikwa ndani ya jaketi. Ncha inayopeperuka hunaswa na cheni au spoku, na shingo huenda nayo. Nasema hivi kwa uzito wote.

Mikono sasa. Glavu za ngozi zenye kitambaa ndani ndizo bora. Kama uwezo haupo, vaa glavu nyembamba za sufu, kisha juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo zilizo kubwa kidogo. Hazipendezi, lakini maji na upepo havipiti. Hakikisha hazibani, maana glavu inayobana inazuia ile damu tunayoitafuta. Ukishavaa, kaa juu ya pikipiki iliyozimwa uvute klachi na breki mara ishirini, uguse swichi ya taa, ya indiketa na ya honi. Kama unatafuta honi kwa kupapasa, glavu hizo ni nene mno. Vile vifuniko vya usukani vya ngozi bandia ambavyo mafundi wa viti hushona ni kitu kizuri sana kwa anayefanya kazi alfajiri, mradi viwe vipana kiasi cha mkono kuingia na kutoka bila kunasa.

Miguuni, gambuti na soksi mbili, ya nje iwe kubwa kuliko ya ndani. Soksi mbili za kubana ni baridi kuliko moja iliyolegea. Zamani tulivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo siku hizi natumia karatasi ya mkate. Soli ya gambuti ni nene, basi jizoeze gia kwanza ukiwa uwanjani. Kandambili na akala ziache nyumbani, hata kama unaenda dukani tu.

Kioo cha helmeti hushika mvuke wa pumzi. Dondosha tone moja la sabuni ya vyombo ndani yake, lisambaze kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kionekane safi tena, usisuuze. Acha upenyo mdogo chini. Kitambaa cha uso kiwe chini ya pua, la sivyo pumzi yote inapanda kwenye kioo. Na kioo cheusi usikitumie kabla jua halijachomoza.

Kabla ya kuondoka

Kula. Uji mzito na chai yenye sukari ni mafuta ya mwili kama vile petroli ilivyo mafuta ya injini, na mwili unaotetemeka unayachoma upesi. Pombe usiiguse. Chang'aa hufungua mishipa ya ngozi, unahisi joto usoni huku joto la ndani likitoroka, na unapoteza pia uamuzi. Miraa nayo huficha uchovu bila kuuondoa.

Vuta choki, piga kiki, iache injini iungurume polepole dakika moja au mbili. Usiikoroge kwa kuongeza mafuta ghafla, oili bado ni nzito na haijafika juu. Ikishika, rudisha choki. Kilomita mbili tatu za kwanza nenda polepole, maana tairi ni baridi na zimekuwa ngumu. Jaribu breki zote mbili kabla hujafika mteremko wowote.

Barabarani

Kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde. Mkono wenye ganzi ukichelewa sekunde moja, umekula mita 17 kabla breki haijaanza kazi. Kwa hiyo alfajiri mimi huongeza nafasi kati yangu na gari la mbele mara mbili ya ile ya mchana, na vidole viwili vinakaa juu ya breki ya mkono muda wote ninapopita makazi ya watu.

Ukungu: tumia taa ndogo, kwa sababu taa kubwa hugonga ukungu na kurudi machoni pako. Fuata mstari wa ukingo wa kushoto. Usifuate taa za nyuma za lori, maana likitoka barabarani mtatoka wote. Na ukishindwa kuona kabisa, usisimame juu ya lami. Toka mbali, kwenye nyasi, kisha shuka usogee mbali na pikipiki.

Mteremko kutoka Sachangwan kushuka Salgaa umeua watu wengi, na sababu mojawapo inajulikana: malori yanayoshuka na gia huru, breki zikaungua. Ukiwa na baridi mwilini, hapo si mahali pa kukimbizana. Usikae mbele ya lori kwenye mteremko huo. Likikukaribia, toka kando lipite. Likikupita, tarajia upepo wake ukusukume kwanza kisha ukuvute, hivyo shika usukani imara bila kuukakamaza na uegemeze magoti kwenye tangi. Hapo ndipo mwamvuli wa boda huwa tanga la jahazi. Mjini Kisumu una faida yake, lakini kwenye barabara kuu ya nyanda za juu ung'oe kabla ya kuondoka.

Mvua ikianza, dakika kumi za kwanza ndizo zenye utelezi kuliko zote, kwa kuwa vumbi, oili na dizeli huelea juu ya lami kabla hazijasombwa. Kama waweza, subiri dukani zipite. Ukipita kwenye dimbwi, bonyeza breki kidogo kidogo ukiendelea kwenda mpaka zikauke. Karibu na mashamba ya chai na ya viazi, angalia matope yaliyoachwa na matrekta pale barabara ya shambani inapoingia kwenye lami. Rangi yake alfajiri hufanana na lami. Penye madaraja, na penye kivuli cha misitu ambapo jua halijafika, usifunge breki ukiwa umeinama kwenye kona.

Kericho na Nandi mvua ya mawe ni kitu cha kawaida, hasa alasiri. Ikianza, usiendelee. Tafuta ukumbi wa duka au kituo cha kununulia majani chai. Usijikinge chini ya mti, kwa sababu radi hufuatana nayo.

Jaribio la kidole

Kila baada ya nusu saa, au mapema zaidi ukihisi ganzi, toka barabarani, simama, vua glavu. Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Rudia mara kumi kwa haraka. Kama vinakutana bila shida, endelea. Kama vinakosana au vinachelewa, mkono huo hauwezi breki ya ghafla, na safari imesimama hapo, hata kama abiria ana haraka.

Ingiza mikono kwapani chini ya jaketi dakika tano. Zungusha mabega kama anayerusha mawe, damu ishuke kwenye vidole. Usisugue ngozi yenye ganzi kwa nguvu, na usishike bomba la moshi kujipasha. Najua kila mtu amewahi kulisogelea. Kidole kisichohisi baridi hakihisi moto pia, na utajua umeungua baada ya dakika ishirini.

Abiria wako

Wewe unacheza na gia na usukani, yeye amekaa tu, kwa hiyo mara nyingi hupoa kabla yako. Muulize kwa jina au kwa heshima yake kila unaposimama: "Mama, vidole vya miguu unavihisi?" Swali la "uko sawa?" kila mtu hulijibu ndiyo. Leso, shali na buibui vikunjwe na kukaliwa.

Mama mwenye mtoto mgongoni, mwombe akague miguu ya mtoto, maana huning'inia nje ya kanga bila yeye kuona. Mtoto mchanga hatetemeki kama mtu mzima. Akinyamaza na kulegea, huenda hajalala. Simama umguse kifuani. Akiwa wa baridi hapo, ingia nyumba yoyote iliyo karibu.

Baridi ikimshinda mtu

Kutetemeka bila kukoma ni onyo la kwanza. Yakifuata maneno ya kukokota kama ya mlevi, kujikwaa, kuchanganyikiwa au kusinzia, joto la ndani huenda limeshuka chini ya nyuzi 35, na hapo ni hatari ya uhai. Kutetemeka kukikoma huku mtu bado ni baridi na amelegea, si dalili ya nafuu. Fanya hivi kwa mfuatano:

1. Mwingize ndani, mbali na upepo. Usimwache peke yake.
2. Vua nguo zilizolowa, mfunike blanketi kavu na kichwa pia.
3. Pasha kifua, shingo na kwapa kwanza, kwa mwili wa mtu mwingine au chupa ya maji vuguvugu iliyozungushiwa nguo.
4. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe chai yenye sukari. Pombe hapana.
5. Kama amechanganyikiwa au hajibu, piga 999 au 112, au tafuta gari la kumpeleka hospitali. Usimbebe kwenye pikipiki.

Na jiko la makaa usiliwashe ndani ya kibanda kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini. Mlango na dirisha viwe wazi.

Ukifika nyumbani

Jaketi litundike penye hewa. Ndani ya glavu na gambuti jaza karatasi za gazeti zilizofinyangwa, zibadilishe kabla ya kulala. Usizianike juu ya jiko, ngozi hukakamaa na kupasuka, na mpira huyeyuka. Soksi kavu za kesho zitie kwenye mfuko wa jaketi usiku huu huu, na glavu zifunge kwenye usukani pamoja na ufunguo. Zangu hukaa hapo tangu ile Julai.